Samaki Mwenye Uzi wa Manjano

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Chiriku alikwenda kituo cha malori kupokea kasha la baba yake. Jina la kweli la binti huyu lilikuwa linatumika shuleni tu. Mtaani alikuwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hizo hata yeye alikuwa mkimya. Alisimama kando ya barabara akiikodolea macho kona ambako lori la Breki lingetokea. Breki ndilo jina walilompa dereva, kwa vile hakuweza kupita kibanda cha chai bila kusimama.

"Shikamoo, mjomba Breki."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wako anakusalimu. Kasema usome."

"Hakusema kingine?"

"Baba yako na maneno wapi na wapi! Haya, shika upande huo, kasha zito hili."

Kasha lilijaa samaki waliofunikwa kwa barafu na majani mabichi, nalo lilifungwa kwa kamba. Chiriku alilijua fundo la baba yake. Hakuna mtu mwingine aliyefunga vile. Alipofika nyumbani alilifungua polepole, maana hapo ndipo vidole vya baba vilipopita, na hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Zamani baba alivua hapahapa, kwenye mto uliopita nyuma ya mtaa wao. Alitoka alfajiri na kurudi kabla ya chai, akinuka matope, akiwa na ningu wengi, wale samaki wa mtoni wenye midomo minene. Kisha mvua zikaanza kubabaisha. Miti ya kingo za mto ikakatwa, maji yakapungua yakawa ya magotini, tena ya uvuguvugu. Ningu wakahama. Waliobaki wengi ni kambare, ambao matope na joto haviwasumbui sana. Baba akafunga mizigo, akawafuata ningu huko juu milimani, mwendo wa kutwa nzima kwa lori, na tangu hapo akawa mtu wa kuja na kuondoka.

Huko juu wavuvi walikuwa wengi kuliko mto wenyewe, kwa hiyo walijiwekea utaratibu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha mto, na mpaka wake ni kigingi cha mti kilichochomekwa ukingoni. Mwenye kigingi akisafiri siku chache, kipande kinamsubiri. Akikichomoa, basi, kipande ni cha mwingine, na waliokuwa wakisubiri walikuwa foleni.

Siku moja Afisa Uvuvi alikuja shuleni. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa mabuti ya mpira hata juani.

"Samaki naye anapumua," aliwaambia, "ila hewa yake imo majini. Mkiteleka maji, kabla hayajachemka mtaona vipovu vidogo vimeshika pembeni mwa sufuria. Ile ni hewa, inayakimbia maji ya moto. Na mto ni vivyo hivyo. Ukipata joto hewa inapungua, samaki anaona pumzi zinambana, anahama kutafuta maji ya baridi."

"Anahama na godoro lake?" aliuliza binti wa fundi viatu, aliyekaa dawati moja na Chiriku, na darasa zima likacheka.

Afisa naye alicheka. Kisha akawaonyesha uzi mfupi wa plastiki wa rangi ya manjano, wenye namba. Nyuzi kama hizo, alisema, waliwafunga karibu na pezi la mgongoni ningu wachache waliosalia pale mwaloni, wavuvi wa mtaa wanaposhushia samaki, wapate kujua wanakokwenda. "Ukimkuta samaki mwenye uzi huu, niletee uzi, uniambie kavuliwa wapi. Hilo la wapi ndilo muhimu kuliko yote. Siku tukipata hata mmoja aliyerudi kuvuliwa hapa kwetu, tutajua mto umeanza kupona, na wavuvi wetu nao watarudi."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Chiriku yakakaa.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda sokoni mapema, akamwachia kazi ya kupaa samaki. Chiriku aliketi uani na kisu chake, magamba yakimrukia usoni. Alipomgeuza ningu mmoja mnene, kisu kilikwama. Nyuma ya pezi la mgongoni palikuwa na uzi wa manjano.

Akaugusa kwa ncha ya kidole. Samaki huyu alitoka hapa, mtoni kwao, akapanda hadi kule alikokuwa baba. Amekwenda kumwona baba kabla yangu, aliwaza, na wivu ukamshika, wivu wa kumwonea samaki. Akaukata uzi, akaunawisha, akauweka mfukoni.

Jumatatu baada ya masomo alikuwa mbele ya meza ya Afisa.

"Kavuliwa wapi?" aliuliza Afisa, kalamu tayari mkononi.

"Hapahapa," alijibu Chiriku. "Mwaloni."

"Hapa? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na nani?"

"Mzee mmoja anayevua kambare. Simjui."

Afisa aliiweka kalamu chini, akatazama mto dirishani. "Mdogo wangu," alisema, "hujui nilivyoisubiri siku hii. Nimekulia kwenye mto huu." Chiriku alikuwa ameandaa uongo mwingine wa kujazia, lakini hakuulizwa zaidi. Afisa alilitaka jambo hilo liwe kweli kama Chiriku mwenyewe alivyolitaka.

Habari haikukawia. Kesho yake jioni mwalo mzima ulikuwa ukisema ningu wamerudi. Mama alirudi sokoni karibu akikimbia.

"Umesikia? Eti mtoto wa shule kapata uzi!"

"Nimesikia," alisema Chiriku, akiinamia sufuria isiyokuwa na kitu.

Mama hakugundua. Alichukua simu akampigia baba hapohapo, huku amesimama, kanga ikimteleza begani. "Baba Chiriku, rudi. Rudi nyumbani, wamekuja!" Usiku ule alifagia nyumba iliyokwisha fagiliwa, akiimba. Chiriku alikuwa hajamsikia mama yake akiimba kwa muda mrefu, na ndipo alipogundua kwamba hakuwa peke yake aliyekuwa akimkumbuka baba.

Baba alishuka kwenye lori la Breki akiwa na nyavu begani. Chiriku alimrukia shingoni. Shati lilikuwa lilelile, harufu ileile, na kwa muda alisahau kila kitu. Kisha akaona kipande cha mti kilichotokeza kwenye mfuko wa baba, kimeingiwa na matope nchani.

"Baba, hicho nini?"

"Kigingi changu," alisema baba, akitabasamu. "Nimekichomoa. Cha nini tena, na samaki wamekuja nyumbani?"

Furaha yote ya Chiriku iliyeyuka.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda mtoni, akarudi na kambare wembamba. Asubuhi nyingine alirudi na mmoja. Baadaye akawa anarudi na nyavu tupu, akipitia nyuma ya nyumba ili majirani wasimwone. Hakulalamika. Alikaa uani akikagua nyavu tundu baada ya tundu, kana kwamba kosa lilikuwa humo.

"Labda ni mimi," alimwambia mama kwa sauti ya chini. "Wenzangu wanasema samaki wapo. Labda mkono wangu umeharibika."

Chiriku aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Angeweza kuvumilia kugombezwa, hata kuchapwa. Lakini kumsikia baba yake, mvuvi hodari, akiutilia shaka mkono wake, kulimshinda. Akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Baba, yule samaki alikuwa wako."

"Samaki yupi?"

"Mwenye uzi. Alitoka kwenye kasha lako. Nilimwambia Afisa kavuliwa hapa. Nilidanganya."

Mikono ya baba ilisimama juu ya nyavu. "Kwa nini?"

"Nilitaka urudi."

Baba aliinuka, akatoka hadi barabarani. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Chiriku hakuweza kujua kama ni hasira au kingine.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda."

Afisa aliwasikiliza hadi mwisho. Uso wake ulisawijika, na Chiriku alitamani ardhi immeze.

"Tulikuwa tumeanza kuhamishia miche ya miti kwingine," alisema Afisa. "Ile ya kupanda hapa ili kingo zisikauke. Tulidhani huku kumepona, haina haja tena." Alishusha pumzi. "Na mimi nina langu. Nilipaswa kuuliza maswali, nikafurahi tu. Baba, samaki huyu hasa ulimvua wapi?"

Baba alieleza: juu ya maporomoko, penye kivuli cha miti mikubwa, maji ya baridi yanayouma miguu.

"Juu ya maporomoko?" Afisa alisimama. "Hatukujua kama wanafika huko. Basi ile miti ndiyo inayowafunika. Ikikatwa, hawana pengine pa kwenda, maana juu zaidi mto unakwisha." Akamgeukia Chiriku. "Kweli yako ina faida kubwa kuliko uongo wako. Ila ungeanza nayo. Sasa utakwenda mwaloni uwaambie wavuvi kwa mdomo wako."

Chiriku alikwenda. Aliwaambia kwa maneno machache, na wengine waliguna, maana nao walikuwa wameanza kushona nyavu za ningu. Mzee mmoja wa kambare alitikisa kichwa akasema, "Leo Chiriku kaongea kidogo kuliko siku zote, na ndiyo leo kasema la maana." Watu wakacheka, na hasira zikapungua kidogo.

Afisa alimpigia simu mwenyekiti wa wavuvi wa huko juu. Kipande cha baba kilikwisha chukuliwa, na hakuna aliyeweza kukirudisha. Lakini palikuwa na mvuvi mmoja mgonjwa wa mgongo aliyehitaji mwenzake, wagawane nusu kwa nusu. Baba alikubali. Ilikuwa nusu ya alichokuwa nacho, nayo ilitosha kuanzia. Miche nayo ingepakiwa kwenye lori hilohilo, mingine ibaki kupandwa kwenye kingo za huku. "Msitegemee msimu huu wala ujao," alisema Afisa. "Ni kazi ya miaka."

Jumamosi Breki alikunywa chai yake mpaka chini ya kikombe, ili kuwapa nafasi ya kuagana. Baba alimvuta Chiriku kando ya lori.

"Nisikilize, mama," alisema. "Samaki anakwenda anakoweza kupumua, na mimi ninamfuata ili ninyi mle. Hilo hatuwezi kulibadilisha kwa kumsingizia samaki njia ambayo hakupita. Ukidanganya kuhusu mto, watu wote wanaoutegemea wanapotea njia, na wa kwanza ni baba yako." Akamfuta machozi kwa kiganja chake kigumu. "Shule ikifungwa Breki atakuleta, uyaone hayo maji. Mpaka hapo, ukinikumbuka, niambie umenikumbuka. Usimpe samaki akusemee."

Akapanda juu, akaketi katikati ya miche. Breki bado alikuwa akitafuta funguo mifukoni.

"Baba!" aliita Chiriku.

"Naam?"

"Nimeshakukumbuka."