Nyota Isiyo na Miba

Chungu kilikuwa kimelowa.

Ni jambo dogo, mtu mwingine angelipita. Lakini Fundi Baridi alikuwa na sheria moja juu ya paa lake: miezi ya kipupwe hakuna anayemwagilia kaktasi, hata tone. Mimea ile hulala wakati wa baridi, na ukiinywesha usingizini inaoza kuanzia mizizini. Kila mtu nyumbani aliijua sheria hiyo kama anavyoujua mlango wa choo. Sasa asubuhi amepanda juu na kikombe chake cha chai, anakuta udongo wa chungu kimoja, kimoja tu, umekolea weusi kama uliotoka kunyeshewa.

"Chiriku!" akaita kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Hebu panda huku!"

Binti yake akapanda, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Alianza kuongea kabla ya kuota meno, na tangu hapo hakupumzika.

"Nani kamwagilia hiki?"

"Si mimi, baba. Haki ya Mungu. Hicho mimi hata sikigusi. Hicho kinaniangalia."

"Kinakuangalia kwa macho gani?"

"Sasa baba, kama ningejua macho yake yako wapi, si ningeyakwepa?"

Nusura acheke. Lakini hasira ilikuwa imetangulia, na hasira ya mtu anayependa mimea kuliko kiasi haina macho. Akamwita mtoto mwongo, akamfukuza ashuke. Chiriku alikuwa na makosa mengi, ila uongo haukuwamo.

Fundi huyu alitengeneza mafriji. Majirani walimtania kwamba mchana anauza baridi na jioni anafuga jangwa, naye aliwajibu kwamba bora kufuga jangwa kuliko kufuga umbea. Juu ya paa la zege alijenga kibanda cha mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, akakijaza kaktasi. Si zile za kuchoma vidole. Yeye alikusanya zisizo na miba: nyingine za pembe tano kama kofia ya askofu, nyingine zimenyunyiziwa madoa meupe kama unga. Aliyoitamani kupita zote ni ile iliyo bapa kama kitumbua, yenye mbavu nane zinazoanzia katikati kama nyota, na kila ubavu una mstari wa vishada vidogo vyeupe vya manyoya mahali ambapo miba ingekaa.

Hiyo, ambayo ndiyo iliyokaa kwenye chungu kilicholowa, aliletewa na rafiki yake, dereva wa lori. Dereva alipasukiwa na tairi kwenye nyika kavu, akakaa kivulini mwa gari kusubiri msaada, akaiona kati ya mawe, imezama ardhini kiasi kwamba ungeikanyaga bila kujua. Akaing'oa na mzizi wake mrefu kama karoti, akaifunga kwenye gazeti.

"Kulikuwa na mbuzi wamekonda, mbavu nje, wanatafuna hadi makaratasi," dereva alimsimulia. "Lakini hii, laini hivi, imejaa maji, hakuna hata mmoja aliyeigusa. Walikuwa wanaizunguka kwa mbali. Nikasema basi, hii ni bahati ya ndugu yangu."

Wakacheka wote wawili.

Baada ya asubuhi ile ya chungu, nyumba ikaanza kukauka. Mama Chiriku, ambaye alishona nguo sebuleni, alijaza jagi la maji na kuliweka kando ya cherehani. Akimaliza mshono mmoja na kunyanyua macho, jagi limebaki na unyevu chini. Akalaumu ufa. Akabadilisha jagi. Nguo zilizoloa zilikauka kabla hajamaliza kuzianika. Midomo yao ikapasuka. Na katikati ya ukame huo, kila jua lilipofika utosini, ikawa inashuka kwenye ngazi harufu ya mvua ya kwanza, ile harufu tamu ya vumbi lililopigwa na matone, wakati nje mbingu ni nyeupe na hakuna wingu hata la kuazima.

"Unasikia?" mama alimnong'oneza mumewe adhuhuri moja, mkono umesimamisha gurudumu la cherehani.

Alisikia. Juu yao, ndani ya kibanda ambamo hakukuwa na mtu, kitu kilikuwa kinanyonya, polepole, kama mtoto anayemaliza soda kwa mrija.

"Panya," akasema fundi.

"Panya wako ana mapafu," mkewe akasema, wala hakucheka.

Alipopanda aliikuta nyota yake imenenepa, inang'aa, lakini chini imekuwa ya kahawia na laini. Kuoza. Kwake hiyo ilikuwa kero ya kawaida, na dawa yake aliijua: unakata kichwa kilicho kizima, unakibebesha juu ya shina la mmea mwingine wenye nguvu, unakifunga kisitikisike, na shina linakuwa linakunywa kwa niaba yake. Amefanya hivyo mara nyingi. Akachukua mpungate, kaktasi ya kawaida yenye miba, akaukata juu, akanoa kisu.

Mipira yake ya kufungia ilikuwa imeharibiwa na jua, kila akiivuta inakatika. Akashuka haraka, akachukua kwenye sahani ya vitana mipira miwili ya nywele ya Chiriku, akapanda nayo. Hakuwaza lolote. Nani angewaza?

Kisu kilipopita, harufu ya mvua ilimjaa kifuani hadi akakohoa. Akaweka kichwa juu ya mpungate, akavusha mipira, akaikaza. Mzizi uliooza akautupa kwenye pipa la taka, na siku hiyo hiyo gari la taka likapita.

Chini, Chiriku alikuwa anamsimulia mama yake ugomvi wa shuleni. "Basi yule akamwambia mwenzake, wewe nani, naye akasema, mimi ni..." Akanyamaza. Mama akangoja. Mtoto alikuwa amekaa mdomo wazi, anatazama ukuta, na sentensi ile haikupata mwisho wake mpaka leo.

Tangu hapo akawa hasemi. Anakunywa. Alimaliza kikombe, akamaliza jagi, akakutwa amepiga magoti bafuni amekumbatia ndoo, na bado ngozi yake ikawa kavu, na choo hakwenda, na uzito ukapungua. Hospitali walimpima damu, wakampima tena, daktari akavua miwani na kusema kwamba kwa majibu haya mtoto huyu hakosi kitu. Wakarudi naye mgongoni, mwepesi kama kapu.

Fundi akapanda paani, si kwa ajili ya mimea, apate tu mahali pa kulia bila kuonekana. Hapo akaona jambo ambalo mikono yake ililitambua kabla ya akili: mpungate ulikuwa umekufa. Umenywea, umekuwa karatasi. Lakini nyota iliyobebeshwa juu yake ilikuwa imevimba, imejaa maji, kijani kibichi, inapumua. Shina limekufa na kichwa kinanenepa. Basi kichwa kinanywa kwa nani?

"Baba Chiriku!" mkewe aliita kutoka chini, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuisikia. "Njoo. Njoo uone kichwa cha mtoto."

Alikuwa amemfumua nywele amsuke upya. Juu ya utosi nywele zilikuwa zimejigawa zenyewe kwa mistari, mistari nane iliyoanzia katikati na kuteremka pande zote, imenyooka kama iliyochorwa na fundi cherehani, na juu ya kila mstari, mmoja baada ya mwingine, vilikuwa vimeota vishada vidogo vyeupe vya manyoya.

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Hakutaka kuona mtoto kwanza. Alipanda moja kwa moja kufuata harufu, akasimama mbele ya nyota akiwa na uvumba wake haujawashwa.

"Huu mmea umetoka nyika yenye mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Hauna miba."

"Hauna."

"Na ulikuwa mzima." Akamgeukia. "Mwanangu, kitu kitamu, kimejaa maji, hakina miba, kimekaa mbele ya wenye njaa na kiu, na kimezeeka salama. Hukujiuliza nani anakilinda?"

Fundi akakitazama kile kisu kando ya chungu.

"Mzizi wake uko wapi? Tukiurudisha mzima na mzizi wake, pale pale ulipong'olewa, bado tunaweza kuzungumza."

"Nilikata. Nilitupa."

Mganga akafumba macho kidogo. Kisha akainama, akaelekeza kidole bila kugusa. "Na hii mipira ni ya nani?"

Ilikuwa ya rangi ya waridi. Kwenye mmoja, nywele mbili nyeusi zilikuwa zimenasa, zimepinda, zimezama kwenye jeraha la mmea na kuota pamoja nao.

"Jini huyu alikuwa amefungwa na mzizi wake kama mbuzi kwenye kigingi," mganga alisema, taratibu, kama anayesoma hukumu asiyoipenda. "Hakujua kwamba kichwa kinaweza kuishi kwa shina la mwingine. Wewe ndiye umemfundisha. Ukampa mpungate, akauonja, akauacha, kwa sababu ulimfunga na mwanao kwa mkono wako mwenyewe."

"Basi mtoe!" Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. "Si ndiyo kazi yako? Mtoe!"

"Mwenzangu, jini aliye nje hufukuzwa. Aliye ndani hutolewa. Huyu hayuko nje wala ndani. Ameungana."

Fundi hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alishuka, akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake, adhuhuri hiyo, jua limejaa chumbani na mtaa mzima unasikika nje ukiuza na kugombana, akasema na kilichokuwa ndani ya mtoto kama anavyosema na mteja, wazi, bila kupindapinda: niachie huyu, nichukue mimi, nina damu nyingi, nina miaka mbele, sitakunyima maji, nipe neno lako nami nakupa langu.

Midomo ya Chiriku ikafunguka. Harufu ya mvua ikatoka kabla ya sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya adabu, kavu, ya kitu kilichokaa peke yake muda mrefu sana.

"Fundi. Ungekuwa wewe unabebesha, ungechagua shina lipi? Lililokomaa, au changa?"

Akajua jibu. Mikono yake ililijua. Shina gumu halishiki.

Basi akakimbia juu, akapita kati ya mganga na mkewe, akashika kisu, kwa maana kilichounganishwa kwa kisu lazima kitenganishwe kwa kisu, ndivyo alivyojiambia, akaweka makali pale ambapo nyota ilikalia mpungate mfu, akabonyeza, kidogo tu, unene wa ganda la yai, na kutoka chini ukapanda ukelele ambao wote watatu waliufahamu kuwa ni wa Chiriku mwenyewe, sauti yake ya kweli waliyoililia siku zote hizo, ikiita, "Baba! Baba, shingo yangu! Baba, unanikata!", na mama aliporuka ngazi na kumfikia akaona mstari mwembamba wa damu umezunguka shingo ya mtoto kama uzi wa mkufu.

Kisu kikaanguka. Sauti ya kweli ikakatika, haikurudi tena.

Mganga alikusanya vitu vyake. Mlangoni alimshika mama mkono. "Msiuache mmea ukauke," alisema chini chini. "Msiuache uoze. Ukifa, jini na mtoto wanakufa wote wawili." Hakuaga zaidi ya hapo, na hakuwasha ule uvumba.

Wanaishi hivyo. Mama hujaza ndoo na Chiriku hunywa. Asubuhi wanambeba hadi paani, kwa kuwa chini kwenye kivuli analia bila sauti, wanamweka juani kando ya chungu, naye anatulia. Dereva wa lori alikuja mara moja, akaona, akashuka ngazi kinyumenyume. Fundi amefunga kazi ya mafriji. Anakagua ile nyota kutwa, anapuliza vumbi kwenye mbavu zake, anaangalia wadudu, anaogopa baridi, anaogopa joto. Hajawahi kutunza mmea namna ile, na hajawahi kuchukia kitu namna ile.

Kipupwe kikaisha. Adhuhuri moja, katikati ya nyota, tumba lenye manyoya lililokuwa linanyanyuka siku hizo likapasuka, na ua likafunguka mbele ya macho yao, la manjano, petali zake nyembamba, jekundu kooni kama moto wa jiko, kubwa kuliko mmea wenyewe. Kandoyo, kwenye kiti, mtoto alikuwa amefumba macho, mashavu yameingia, mkono mmoja umening'inia.

Fundi alisogea karibu. Aliinama. Ua kama lile hakuwahi kuliona hata kwenye picha, na kabla hajakumbuka yuko wapi na linalishwa na nini, uso wake wote ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi, anamtazama.