Ubao Ulioungua Katikati

Ukumbi wa parokia mjini Mpanda ulifurika watu siku ya mashindano ya sataranji, mwaka 1996. Nyanzala aliingia na gauni la kitenge cha kijani, akakuta kiti chake kina mguu mbovu. Mpinzani wake, kijana mwembamba aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akasimama na kumpa chake.

"Naitwa Malale. Nauza asali kule Inyonga."

"Asali yako hainilainishi, kaka."

Nyanzala alianza kwa kusogeza kete za askari wa pembeni, katikati akapaacha patupu. Watu wakacheka.

"Dada, katikati kuna nyoka?" Malale akatania.

"Ubao wa kwetu uliungua hapo. Mama alitua sufuria ya ugali. Ukiweka askari, anaanguka. Nikazoea pembeni."

Malale akaacha kucheka, akasikiliza. Walicheza mpaka chai zao zikapoa. Mwishoni wakabaki wafalme wawili, na Malale akiwa na askari mmoja zaidi. Akanyoosha mkono.

"Tutoke sare?"

Wakatoka sare. Tangu hapo kila gulio alimletea asali, wakapendana sana.

Hadi Enoka, kaka yake Nyanzala, alipomwambia, "Ile sare alikuhurumia tu. Si alikuwa na askari zaidi?"

Maneno yakamchoma. Simu ilipolia dukani kwao Makanyagio, akapokea.

"Nyanzala wangu, umeamkaje?"

"Wako? Mwanaume wa kunihurumia simtaki." Akakata.

Kesho yake Malale alishuka basi, akafika kwao Nyanzala, vumbi hadi kwenye nyusi. Aliomba ule ubao ulioungua, akapanga mchezo ulivyoishia: askari ukingoni, mfalme wa Nyanzala kwenye kona.

"Leo shika upande wangu. Nishinde."

Nyanzala alijaribu hivi na vile. Enoka naye akainama, akajaribu. Kila mara ilikuwa sare. Wakati wakihangaika, Malale alilainisha kwa vidole nta ya nyuki aliyokuja nayo, akajaza taratibu pale palipoungua.

"Haishindiki," Nyanzala akasema polepole.

"Ulijilinda mwenyewe, mpenzi. Mimi nilikosa njia tu."

Nyanzala akamsimamisha mfalme wake juu ya nta. Hakuanguka.

"Na mama akitua sufuria tena?"

"Nitaleta nta nyingine. Kila akitua, ukikubali niwe mume wako."

Nyanzala akaficha tabasamu kwa upande wa khanga.

"Mama yuko jikoni. Nenda kamwambie. Ila ya sufuria usiitaje."