Moshi wa Busenda

Zama zile misafara ya pembe ilipovuka Unyamwezi kwa miguu kuelekea pwani, nchi ilikuwa imekatwakatwa kuwa tawala ndogondogo za watemi. Kila moja ilikuwa na enzi mbili: ya mtemi aliye hai, na ya watemi waliotangulia, ambao walikaa chini ya ardhi na walikuwa wakali kuliko yeye. Busenda ilikuwa nchi ya namna hiyo, nayo ilikuwa imezingirwa.

Mtemi Kilunga, jirani wa magharibi, alilizunguka boma la Busenda kwa magobori mia na rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa. Siku ya kumi na nane, asubuhi, Mtemi Mihayo wa Busenda akafa kwa homa. Waliojua ni wawili tu: Nyamizi, mtoto wa dada yake, ambaye alikwisha kumtaja kuwa mrithi, na mzee Kapaya, mkuu wa matambiko.

Mtemi akifa, kila jiko nchini lilizimwa. Mrithi alipekecha moto mpya, watu wote wakaja kuuchukua kwake, na hapo ndipo watemi wa chini walipomtambua. Tatizo ni kwamba Kilunga naye alikuwa wa mila hiyohiyo. Akiona boma halina moshi, hahitaji kuambiwa.

"Twende tukatangaze," akasema Kapaya.

"Hapana, Mzee. Majiko yakizimwa wataingia kabla sijapata cheche. Watatuua wote."

"Na yasipozimwa, wewe si mtemi. Si leo wala kesho. Utakuwa umetawala kwa moto wa maiti."

"Najua."

"Vita ikiendelea nitanyamaza. Lakini watu wakija kuniuliza, mimi sidanganyi mbele ya mizimu. Nitasema."

"Useme tu."

Walimvika marehemu ngozi ya fahali mweusi, wakamzika chini ya sakafu ya nyumba yake. Nyamizi hakulia. Alimpenda sana mjomba huyu aliyemlea, akajaribu kulia, lakini moyo ulikuwa umekufa ganzi. Kila siku aliingiza ugali na maziwa, akala mwenyewe pale juu ya kaburi, akatoka na bakuli tupu akisema Mtemi hajambo. Chakula hakikuwa na ladha yoyote. Alitoa amri kwa jina la marehemu, na watu wakazitii. Mara mbili maadui walifika langoni, mara mbili wakarudishwa. Mshale ukamchoma begani. Akauchomoa kama anayemtoa mwiba mtu mwingine.

Siku ya tisa tangu kifo kile, mvua ya kwanza ikanyesha. Loo, vita gani itamzuia mkulima mvua ikianguka! Watu wa Kilunga wakatoroka mmoja mmoja kwenda kupanda, na Kilunga akaondoka akitukana.

Busenda wakapiga vigelegele, wakataka kumwona Mtemi wao. Wakamuuliza Kapaya. Naye akasema.

Nyamizi hakukana hata neno moja. Baraza likaamua aondoke siku hiyohiyo. Binamu yake Msimba apekeche moto mpya. Wale wale aliowaokoa wakakimbilia kumwaga maji majikoni, tena kwa haraka, asije akawaona. Ningewalaumu, jamani, lakini waliogopa kweli.

Kapaya akamfuata langoni na kifuko cha unga.

"Mwanangu, unanichukia?"

"Sichukii mtu, Mzee. Sisikii kitu. Labda uchungu utakuja baadaye." Akapokea unga. "Tumezika wangapi vita hii?"

"Wawili, na Mtemi."

"Na waliomo bomani?"

"Kama mia tatu."

"Basi waambie hao wa chini kwamba wote mia tatu wangefika kwao siku moja. Kama bado wana hasira, wanifuate mimi."

Akashika njia ya kusini, na habari zake zikaishia hapo.

Wazee wa Busenda waliendelea kuyataja majina ya watemi wao kila tambiko. Walisema Mihayo, wakavuta pumzi, kisha wakasema Msimba.