Muhuri wa Nchi Nne

"Chai imemwagika."

Tsuma Kalama aliisikia sauti ya mwenzake Nicanor vizuri, ingawa hoteli nzima ya Makadara ilikuwa ikipiga kelele za Idi. Alikuwa amesimama kaunta, mkonga wa simu sikioni, kikombe cha kahawa mkononi. Akakiweka kikombe chini.

"Wapi?"

"Kizingo. Humber nyeusi imetoka sasa hivi."

"Yumo nani?"

"Kapteni mwenyewe. Faraj ndiye dereva. Wanaelekea Kuze."

Akakata simu. Kahawa akaiacha pale pale, na ilikuwa nzuri.

Nje, pikipiki yake ya BSA iliwaka kwa teke la kwanza. Chini ya koti alikuwa na bastola ya Beretta aliyomnyang'anya afisa wa Kitaliano kule Uhabeshi, enzi zake za usajini katika Keya, jeshi la Mwingereza. Begani alining'iniza redio ya mkononi, masalia ya jeshi la Wamarekani, nzito kama tofali na yenye tabia ya kukoroma.

Barabara ilikuwa imejaa kanzu nyeupe. Watu walikuwa wanatoka kuswali. Tsuma alipiga honi, akapanda ukingo wa njia, akamkosa kidogo muuza halua.

"Polepole, we! Wataka kutuua siku ya Idi?"

"Samahani, bwana! Idi njema!"

Akapita.

Ulikuwa mwaka 1948, na kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Kapteni Medlock angekitaka Kuze. Mtihani.

Si mtihani wa kawaida. Kwa mara ya kwanza watoto wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja wangekalia karatasi moja. Mwafrika, Mwarabu, Mhindi na Mzungu: maswali yale yale, siku ile ile, na msahihishaji asiyejua jina la mtoto wala rangi yake. Walimu wa nchi nne walizozana muda mrefu kabla ya kuafikiana. Wa Kampala walitaka hesabu za pamba, wa Unguja wakataka za karafuu, na bwana mmoja wa Nairobi alikazania swali la theluji mpaka akazomewa. Mwishowe wakakubaliana. Karatasi zikachapwa Kuze, katika kiwanda cha Fatemabai, mjane wa Kibohora aliyerithi mitambo ya marehemu mumewe Akbarali pamoja na ukali wake.

Lakini wasiotaka mtihani huo waliingiza sharti moja. Muhuri wa nta ukivunjwa kabla ya Jumatatu, hata katika nchi moja, mtihani unafutwa katika zote nne. Kabisa. Ndiyo maana walimu waliwapa Tsuma na Nicanor kazi ya kuulinda.

Medlock na wenzake wa klabu fulani ya bara hawakuhitaji kuiba majibu. Walihitaji kuvunja nta tu, kisha karatasi zibandikwe kwenye kuta za Makadara, na magazeti yaseme wenyeji ni wezi, hawastahili kupimwa kwa kipimo cha wengine.

Tsuma aliyajua hayo maneno. Aliwahi kuwa wa kwanza katika mtihani wa shule ya misheni, akaambiwa cheti chake ni cha Waafrika, kinamtosha kubeba mafaili ya watu. Jambo hilo lilimuuma mpaka leo. Na sasa binti yake Sidi alikuwa na nafasi hii moja. Mwakani umri wake ungekuwa umepita.

Redio ikakoroma.

"Nanga kwa Pweza. Nanga kwa Pweza."

"Sema."

"Tsuma, tumekwisha! Leo ni Idi! Kiwanda kimefungwa, hamna mtu mle ndani!"

"Idi ya nani?"

Nicanor alikuwa Mgoa aliyehamia kutoka Nairobi, mtu hodari, ila mambo ya Mombasa alikuwa bado anayasoma.

"Fatemabai ni Bohora," Tsuma alisema. "Wao hawangojei mwezi kuonekana. Wana kalenda yao ya hesabu. Idi yao ilikuwa jana."

"Kwa hiyo leo..."

"Leo wako kazini wote."

"Ah! Basi afadhali!"

"Si afadhali, Nicanor. Medlock ana bastola ya Webley, na anadhani anaingia nyumba tupu."

Akaiongezea BSA mafuta.

Medlock alikuwa amejitahidi, tumpe haki yake. Wiki ile alimwuliza mpishi wake, mama wa Kimvita aitwaye Tumu, kama siku ya Idi mji hufungwa. "Hufungwa wote, bwana," Tumu alimjibu. "Hata paka hapati pa kuombea kichwa cha samaki." Hakumdanganya. Alimweleza Idi yake, na Idi ya jirani zake, na jioni akampitishia Tsuma habari kwamba bwana ameuliza. Ila Kapteni, baada ya miaka yote aliyokaa kisiwani, aliamini Waislamu wote wana Idi moja. Hakuwahi kuona haja ya kuuliza zaidi.

Mahali njia zinapokuwa nyembamba mno kwa gari, Humber ilikuwa imesimama, tupu. Tsuma akaitupa pikipiki ukutani na kukimbia. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Akachungulia.

Faraj, mtu wa magendo tangu siku za vita, alikuwa ameegemea mlango wa kiwanda. Jambia kiunoni. Macho huku na huku.

Mlango wa mbele ulikuwa na mwenyewe.

Tsuma akatazama juu. Kati ya kiwanda na nyumba ya pili kulikuwa na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Akazunguka, akaingia nyumba ya jirani kwa adabu zote ambazo mtu mwenye bastola anaweza kuzikusanya.

"Hodi! Hodi jamani! Naomba kupita!"

Leso zikavutwa vichwani. Mama mmoja mwenye sahani ya kaimati akamtazama juu mpaka chini.

"Pita, mwanangu. Ngazi iko kushoto. Na hiyo bunduki usiwaoneshe watoto."

"Ahsante, mama. Idi njema."

Akavuka wikio kwa kunyata, akateremka ngazi za kiwanda akikanyaga upande wa ukutani ili zisilie. Harufu ya wino ilichanganyika na ya biriani.

Akachungulia chini.

Wachapaji walikuwa wamelazwa kifudifudi kuizunguka siniya kubwa ya biriani, kiporo cha Idi ya jana. Siniya ilikuwa imeinuliwa juu ya kitu kilichofunikwa kitambaa, kama Mabohora wafanyavyo, ili wote wale chombo kimoja. Kikopo cha chumvi kilikuwa pembeni. Wao huonja chumvi kabla ya tonge la kwanza. Hawakuwahi kufika kwenye tonge.

Fatemabai peke yake alikuwa amesimama. Hakukubali kulala chini kwa amri ya mtu.

Na kutoka chumba cha chuma, kile cha kuhifadhia karatasi, alitoka Kapteni Medlock, suti ya kitani, uso mwekundu. Webley mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, bahasha nene yenye muhuri wa nta nyekundu.

"Weka chini, Kapteni," Tsuma alisema.

Medlock akageuka. Akaiona Beretta. Akacheka.

"Piga! Mimi nakufa, muhuri navunjika. Mtihani kwisha." Alikuwa amekwishaweka dole gumba juu ya nta.

Tsuma hakupiga. Alimtazama Fatemabai kwa hasira. Ufunguo wa chumba cha chuma ulikuwa ukining'inia mlangoni, hakuna kilichovunjwa.

"Umempa ufunguo?"

"Aliomba," alisema Fatemabai. "Nimpe nini, bhai, roho yangu?"

"Wewe Tsuma," Medlock alisema, "wewe nafikiri toto yako iko sawa na toto yangu?"

"Jumatatu tutajua. Unaogopa nini kungoja?"

Hapo uso wa Kapteni ukabadilika. Swali lilimwingia mahali. Akakaza dole.

Nta ikapasuka.

Tsuma aliusikia mlio ule mdogo. Alimwona Sidi usiku uliopita, akirudia sehemu na desimali kwenye taa ya kandili. Aliwaona watoto wa Unguja na Kampala na Dar es Salaam ambao hatawajua kamwe, wote wakiambiwa warudi nyumbani. Miaka yote ya vita hakuwahi kutaka kulia kama alivyotaka pale.

Medlock akaigeuza bahasha juu chini kwa furaha. "Sasa! Kwisha!"

Kadi zikamwagika sakafuni.

Kadi za kijani. Mwezi mwandamo. Maandishi ya dhahabu.

*Idi Mubarak.*

Kapteni aliinama, akaokota moja, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba mtihani ungekuwa umejificha huko.

"Zilibaki," alisema Fatemabai. "Mteja hakuja kuzichukua, na Idi imeshapita."

"Imepita? Leo ndiyo Idi!"

"Idi njema, Kapteni," Tsuma alisema. "Ila umechelewa siku moja."

Akaruka ngazi tatu za mwisho. Webley ikalia. Risasi ikapiga dari, chokaa ikadondoka. Tsuma akamshika kifundo cha mkono, akaugonga kwenye chuma cha mtambo mpaka bastola ikaanguka, kisha akampa ngumi moja ya kidevu, ile aliyokuwa anaiweka tangu shule ya misheni.

Medlock akakaa chini katikati ya kadi zake.

Wachapaji wakainuka. Mmoja wao, Ghulam, akaitazama siniya.

"Chokaa imeingia kwenye biriani!" akafoka. Ilibidi washikane ili wasimpige mateka.

"Ondoeni siniya," Fatemabai aliamuru.

Wakaiinua. Akafunua kitambaa. Chini yake hakukuwa na kigoda. Kulikuwa na sanduku la mbao, limefungwa kwa ukanda, na juu ya ukanda muhuri mwekundu wenye alama za nchi nne. Mzima. Haukuwa na ufa.

Tsuma akapiga magoti, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Nilikukataza kulihamisha sanduku."

"Ulinikataza."

"Nilisema libaki chumba cha chuma."

"Kila mwizi huanza chumba cha chuma. Nani atainua chakula cha watu? Ningekusikiliza, bhai, sasa ungekuwa unalia."

"Na nta ya kwenye kadi?"

"Nta ni yangu. Nagonga ninapotaka."

Tsuma akacheka mpaka akaketi sakafuni. Alikuwa ameshindwa na mjane, na hakuwahi kufurahia kushindwa kiasi kile.

Redio ikakoroma.

"Nanga kwa Pweza. Nimefika Kuze. Faraj kasikia mlio wa risasi kakimbilia garini. Humber imezungukwa na watu waliotoka kuswali, wamemshika. Muhuri?"

"Mzima."

"Na Kapteni?"

"Ana kadi za kugawa."

Jumatatu Tsuma alisimama nje ya ukumbi mpaka saa ya kutoka, kofia imeinamishwa machoni. Simu za maandishi zilikuwa zimefika: Unguja, muhuri mzima, Dar es Salaam, mzima, Kampala, mzima. Medlock alikuwa rumande, akidai bado kwamba alialikwa kula.

Milango ikafunguka. Watoto wakamiminika kwa pamoja, wa Kuze na wa Kizingo na wa Kaloleni, jambo ambalo mji ulikuwa haujalizoea. Madereva waliokuja kuwachukua watoto wa wakubwa hawakujua wamfungulie nani mlango. Sidi alikuja taratibu, vidole vimejaa wino.

"Baba, swali la tatu lilikuwa gumu."

"Gumu kwa nani?"

Sidi akafikiri. Akatazama nyuma, ambako msichana mmoja wa Kizungu alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa blauzi, na kijana wa Kihindi kando yake anahesabu tena kwa vidole, anatikisa kichwa.

"Kwa sote," alisema.

"Vizuri sana," alisema Tsuma.

Akampandisha nyuma ya BSA, akawasha sigara, akapiga teke moja. Wakaondoka katikati ya barabara, bila kumpisha mtu.