Namba ya Chumvi

Kila alasiri Josée alirudi nyumbani Ilford, mashariki mwa London, kutoka makao ya wazee alikofanya kazi, miguu ikimuuma. Kila alasiri paka wake mweupe, Chumvi, alimngoja dirishani. Jumatatu hiyo alimkuta Unga, mtoto wa Chumvi, peke yake.

"Mama yake iko wapi?" Josée aliuliza.

Binti yake Armelle, mwenye miaka tisa, hakujua.

Walitafuta siku tatu. Waliinama chini ya magari wakiita. Walitikisa kopo la chakula chake nyuma ya nyumba za majirani. Walibandika picha kwenye nguzo. Armelle aliacha kula, na Josée aliumia kumwona hivyo.

Siku ya nne akaja Jacqueline, Mtanzania wa ghorofa ya chini. Alifanya kazi kwenye kliniki ya wanyama.

"Pole sana, Mama Armelle. Chumvi ana chipu?"

"Iko nayo. Walimuwekea bure siku moja, pale kanisani."

"Afadhali! Akiokotwa watampitishia mashine, wataona namba yake, watakupigia simu."

Josée akainamisha kichwa. "Hawatanipigia. Nilitoa jina ya uongo. Na simu ya uongo."

Tusimcheke. Josée alitoka Bukavu, Kongo, akakaa London miaka sita akingoja makaratasi ya ukaazi. Kila barua ilimtetemesha. Kila mgeni aliyemwita kwa jina lake lote alileta habari mbaya. Makaratasi yalipotoka, hofu haikutoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Niliogopa jina yangu ikae kwenye kompyuta zao," alisema.

"Dada yangu, ile si kompyuta ya uhamiaji. Ni orodha ya wanyama na wenyewe. Na chipu haionyeshi paka yuko wapi. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kipo chini ya ngozi, kina namba tu. Jina na simu zikiwa si za kweli, haikusaidii kitu."

Jacqueline akazipigia simu kliniki za karibu. Ya tatu ilikuwa na habari. Alisikiliza muda mrefu, kisha akaketi.

"Aligongwa na gari Jumatatu. Mpita njia akampeleka kliniki. Walisoma chipu, wakapiga ile namba. Akapokea mtu asiyejua habari za paka. Wakampa dawa ya maumivu, wakangoja mwenyewe. Jana hali ikawa mbaya sana. Wakamchoma sindano, akafa bila kuteseka zaidi."

"Alikaa siku mbili?"

"Siku mbili."

"Bila sisi?"

Josée alilia kwa sauti. Kazini alishika mikono ya wazee wa watu ili wasife peke yao. Paka wake mwenyewe alikufa mikononi mwa wageni.

Juma lililofuata walimpeleka Unga kuwekewa chipu.

"Hapa Uingereza ni sheria," Jacqueline aliwaambia. "Paka awekewe chipu kabla hajafikisha wiki ishirini. Na ukihama au ukibadili simu, waarifu wenye orodha mara moja."

Josée alitaja jina lake lote, herufi kwa herufi.

Mwezi wa kumi na moja fataki za sherehe zilimtisha Unga, akatoroka. Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Josée Mapendo?" sauti ngeni iliuliza.

Alitaka kukata simu. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Tunaye paka wako. Ni mzima."

Walikwenda kumchukua. Armelle alimkumbatia Unga njia nzima. Walipofika mlangoni akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake:

"Mama, ilikuwa simu moja tu. Hata kwa Chumvi wangetupigia, kama wangekuwa na namba yetu."

Josée alishika ufunguo bila kuugeuza.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wangetupigia."