Hindi Lisiloguswa na Mdudu

Malori yalikuwa yamejipanga kuanzia lango la ghala mpaka kwenye kona ya wauza matairi. Madereva walivua mashati wakalala uvunguni, na vumbi la nafaka lilitanda mpaka watu wakawa wanapiga chafya kwa zamu. Katikati ya zogo hilo Bambo alikuwa kazini. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia pale. Walimwita kwa kifaa chake, kile chuma chenye ncha na mfereji ndani kinachochomwa kwenye gunia kutoa nafaka ya kupima. Anachoma, punje zinamiminika kiganjani, ananusa kama kuna ukungu, anazitia kwenye kimfuko, anahamia gunia jingine. Alikuwa mtu mzima, kifua kipana, maneno machache. Mke alimwacha zamani, na mwenyewe hakumlaumu.

Alipochoma gunia la mwisho kwenye kigari kidogo kilichojipenyeza kati ya malori, mtu akamshika mkono.

"Ungeomba kwanza."

Aligeuka. Mwanamke mfupi, gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, kilemba cha njano, nyusi zimejaa unga kama bibi mwenye mvi, na uso bado mbichi kabisa.

"Niliombe gunia?"

"Uniombe mimi. Umelitoboa, na ni jipya."

"Dada, kila kinachoingia humu nakichoma. Hata angekuja waziri na gunia lake ningelichoma."

"Basi msubiri waziri."

Wapagazi wakacheka. Bambo akajifuta jasho. "Kuna nini humu kinachoogopa tundu?"

"Mahindi ya baba, nayahifadhi hapa."

"Baba yuko wapi nimwombe?"

"Amekufa. Niombe mimi."

Bambo hakuwa mtu wa kuomba, lakini alijisikia akisema, "Naomba nichome."

"Choma. Taratibu."

Akachoma taratibu kama anamchoma mtoto sindano. Mwanamke akakitazama kile kimfuko kikifungwa. "Hiyo inakwenda wapi?"

"Maabara. Tuna mashine kubwa kama chumba. Inalijua hindi mpaka babu yake."

Ulikuwa uongo. Maabara yao ilikuwa na meza, mashine ya kusagia ya jikoni, vikombe vya plastiki na maboksi ya vikaratasi, na siku nyingi walipima ukungu tu. Lakini mwanamke alikodoa macho kwa mshangao, na Bambo akaona uchoyo kumharibia.

Mwanamke aliondoka na namba yake, na simu zilianza wiki hiyo hiyo.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Njoo basi ule chakula, utaniletea mkosi kwa njaa yako."

Watu walimwita Chenga, jina alilopewa na baba yake kwa kuwa alizaliwa kadogo kama punje iliyovunjika. Alikuwa na mashine ya kusaga kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, inatikisa ukuta mpaka vikombe vinahama mezani. Juu ya mlango aliandika: UNGA WA MBEGU YA ASILI. Wateja walitoka mbali, akina mama wenye watoto wachanga, na mzee mmoja fundi saa aliyeapa kwamba unga wa viwandani unamjaza gesi.

"Tumbo lake lina ugomvi na umri, si na unga," Bambo alisema.

"Wewe endelea kula mbegu zako za maabara. Siku utaota mkia nitaukata mimi."

"Utaukata au utaushika?"

"Nitolee ujinga wako," akasema Chenga, na akamsogelea.

Jikoni kwake, juu ya moto, mahindi yalining'inia mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Yale hayakuliwa. Ndiyo iliyokuwa mbegu. Kila mavuno Chenga alisafiri mpaka shamba la baba, analolilima shangazi yake, akachagua mwenyewe.

"Unachaguaje?" Bambo aliuliza siku moja, mdomo umejaa.

"Baba alisema hindi la mbegu ni lile ambalo mdudu hakuligusa. Namenya yote. Lenye tundu la funza linakwenda kwenye gunia la kusaga, lililo zima linakuja hapa juu. Zamani shamba zima nilikuwa napata kapu moja. Siku hizi karibu nusu ni mazima. Angeona, angelia kwa furaha."

Kuna kitu kilimgusa Bambo kichwani aliposikia hilo, lakini miguu ya Chenga ilikuwa juu ya mapaja yake, na hakukifuata.

Halafu akaja wakala. Kampuni yake ilifunga unga wa kupeleka ng'ambo, kwa watu wanaotaka mahindi yasiyobadilishwa vinasaba. Chenga alisimulia kwenye simu bila kupumua.

"Hao si ndio wanaotuletea mbegu za maabara?" Bambo aliuliza.

"Ndio hao hao."

"Wanatuuzia sisi zao, halafu wanakuja kwetu kutafuta zisizo zao?"

"Mimi usinipigie siasa, mpenzi. Wamesema jina la baba litaandikwa kwenye mfuko. Kabisa, kwa rangi. Mtu aliyekufa hana hata jiwe kaburini, jina lake lipande meli. Nipimie kwanza kwenye ile mashine yenu kubwa, nisije nikaaibika."

Bambo alipima. Alisaga punje, akatia maji, akatikisa, akachovya kikaratasi chembamba. Mstari wa kwanza hutokea siku zote, kuonyesha kwamba karatasi ni nzima. Wa pili hutokea tu kama mahindi yametoka kwenye ile mbegu iliyotengenezwa ijitilie yenyewe sumu ya funza. Alisubiri akijikuna shingo. Wa pili ukatokea, mwekundu, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Aliosha mashine akidhani ni uchafu wa lori la mtu mwingine. Akapima tena. Akamwomba Chenga punje kutoka kwenye mbegu yenyewe iliyoning'inia, hindi hili na hindi lile, akamwambia mashine inazitaka. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Ndipo akakaa kwenye ndoo, na kile kitu alichokiacha kipite siku ile kikarudi. Majirani wa shangazi walipanda mbegu ya dukani. Upepo ukaleta chavua yake shambani kwa baba, msimu mmoja, hindi moja au mawili yakaidaka. Na hayo ndiyo ambayo mdudu hakuyagusa. Chenga, akifuata neno la baba yake bila kupunguza hata herufi, akayachagua, akayatundika, akayapanda, akachagua tena. Msimu baada ya msimu aliitupa mbegu ya baba kwenye gunia la kusaga, na mbegu ya mgeni akaiweka kwenye moshi.

Alitia kikaratasi mfukoni mwa shati ili akamwonyeshe. Simu iliita kabla hajavuka lango.

"Niambie."

"Nakuja."

"Usije, niambie. Nimekaa jikoni nayatazama. Usinitese, moyo wangu."

Bambo alisimama katikati ya malori. Dereva akampigia honi, hakusogea.

"Iko safi," akasema.

Kigelegele kilichotoka kwenye simu kiliwafanya wapagazi wageuke.

Alijua wakala angepima pia. Alijipa moyo kwamba mawakala wengi ni wavivu, na kwamba kabla ya siku hiyo angepata namna ya kusema. Hakupata. Kila alipofungua mdomo, Chenga alikuwa anamwonyesha kitambaa cha gauni atakalovaa siku ya kutia saini.

Jumamosi moja alimkuta amekaa uani mbele ya beseni la nguo. Mashati yake Bambo yalikuwa humo, isipokuwa moja lililokuwa mapajani pake. Mkononi alishika kikaratasi chembamba.

"Hiki nimekitoa mfukoni mwako."

Bambo aliweka chini mfuko wa nyama.

"Mdogo wangu amepima navyo mpaka akachoka, vikaratasi hivi. Mistari miwili naijua maana yake." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nani?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bambo aliyaona mahindi yakining'inia. Angeweza kusema si mwanamke, ni mahindi. Chenga angeuliza mahindi ya nani. Halafu angeuliza imekuwaje, na yeye angelazimika kuitazama mikono ile yenye povu na kumwambia, ni hii ndiyo iliyofanya. Mtu akiachwa hupona. Yeye mwenyewe aliachwa, akapona, akanenepa. Hilo jingine hakujua kama lina kupona.

"Humjui," akasema.

"Mnafanya kazi pamoja?"

"Chenga..."

"Jina hilo alinipa baba. Usilitumie. Mimba ina muda gani?"

"Bado changa."

Chenga aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Aliyachota mashati yote kwenye beseni, akampa mikononi yakiwa na sabuni yake. "Kayasuuze kwake."

Bambo alitembea barabara nzima akichuruzika maji, watu wakimpisha. Na nitasema ukweli, siku mbili tatu alijiona amefanya jambo la kiume. Siku ya nne alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga kila siku. Akapita mbele ya kibanda akasikia mashine inavuma, akaona kilemba cha njano dirishani, kikageuka kikampa kisogo.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza simu yake ilipoita.

"Wakala alikuja leo," Chenga alisema. Hakusalimia. "Viatu safi, kalamu mbili mfukoni. Akaomba maji kwenye kikombe. Kumbe hakuna mashine kubwa kama chumba."

"Hakuna."

"Kumbe ni kikaratasi."

"Ndiyo."

"Nilikitazama kinachora mstari wa pili, nikamwambia huyu kaka, kwani mahindi nayo yana mimba? Akanicheka, akaanza kunieleza. Mimi wala sikumsikia tena. Na yule mwanamke?"

"Hakuwepo."

"Hakuwepo kabisa?"

"Hajawahi kuwepo."

Bambo akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Njoo kesho mchana. Nimeloweka mbegu."

"Ya kupanda?"

"Ya kula."

Alimkuta amevaa gauni lile la siku ya saini, la kijani, kola nyeupe, limemkaa vizuri hadi inauma. Juu ya moto kamba zilikuwa tupu. Sufuria kubwa ilikuwa inatokota, na jiko zima linanuka mahindi kama nyumba yenye sherehe.

"Nimempigia shangazi, nimepiga kwa binamu zangu wote," alisema akikoroga. "Kila mtu anapanda ya dukani. Hakuna mwenye punje moja ya baba."

"Ni upepo, Chenga. Upepo hauna mlango."

"Usinidanganye tena. Upepo ulileta kidogo tu. Kilichobaki nimefanya mimi." Aliweka mwiko chini. "Yale yenye tundu la funza ndiyo yalikuwa yake. Nimeyasaga, nikawauzia watu, nikaona nawasaidia."

Akamgeukia Bambo.

"Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Ulidhani nitakufa nikilijua."

"Nilidhani utaumia."

"Kwa hiyo ukaniumiza na kitu kingine. Ulipima ukaona mwanamke mwenzangu naweza kumbeba, mahindi siwezi. Nimelia usiku kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, Bambo. Nimemchukia mtoto ambaye hayupo. Na huku nikimwambia wakala kwa kiburi, mbegu yangu nimehakikishiwa. Hata baada ya kukufukuza bado nilikuamini kwa hilo moja."

Alipakua kwenye sahani mbili, akanyunyiza chumvi. Wakala hahangaiki naye tena, alisema. Amekwenda kutafuta kwingine, na huko nako atakuta hivyo hivyo. Wakala mwenyewe alisema chakula hiki hakina ubaya wowote, ila wateja wake hawakitaki. Wakaanza kula.

"Ina ladha gani?" Chenga aliuliza.

Bambo alitafuna. Alitamani apate kasoro yoyote, ugumu, harufu, ampe. "Tamu."

"Mimi ya baba naijua. Ni ile ile." Alitafuna, machozi yakishuka mpaka kwenye kola bila yeye kuyafuta. "Ningefurahi ingekuwa chungu. Ningepata cha kuchukia."

Walikula mpaka sufuria ikabaki maji. Ndipo Bambo, ambaye hakujua kuchagua wakati, akasema, "Tuoane. Tuanze upya."

Chenga alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na raha. "Tuanze na nini? Kila kitu kiko tumboni." Akamshika mkono, akaushikilia kidogo. "Sitakuficha, nakupenda bado. Lakini kila utakaponiambia kitu kiko salama, nitataka kukipima. Nitazeeka napima. Nenda, Bambo. Nenda nikiwa bado nina adabu."

Akaenda.

Maneno WA MBEGU YA ASILI kwenye kibanda yalipakwa rangi juu, likabaki UNGA tu. Wateja hawakupungua. Mzee fundi saa alisema siku hizi umekuwa mlaini zaidi, na tumbo lake limetulia.

Mavuno yaliyofuata malori yalijipanga tena mpaka kwa wauza matairi. Bambo alichoma gunia baada ya gunia mpaka akafika kwenye kigari kidogo kilichojipenyeza katikati. Kilemba cha njano, nyusi za unga. Magunia yalikuwa na mhuri wa kampuni iliyoyaleta kwa meli.

Alisimama na chuma chake mkononi.

"Naomba nichome," akasema.

Chenga alikuwa anatazama upande wa lango.

"Choma tu," akasema. "Haya si ya baba."

Bambo akachoma. Punje zikamiminika kiganjani, nyeupe, nzima, hakuna hata moja iliyoguswa na mdudu.