Kadi Zilizohama na Lebo ya Nyumbani

Mkunga wa zahanati ile ndogo hapendi haraka asubuhi. Hufagia chumba cha vipimo, huchemsha vifaa, kisha huwasha kompyuta yenye kadi za wajawazito. Kompyuta hiyo inatunzwa na mume wake, fundi redio mstaafu. Watu humwita Mzee Spana, kwa sababu hakuna kitu kinachomshinda kufungua. Kufunga tena ndiyo kazi.

Jumatatu hiyo simu ililia kabla mkunga hajakaa. Alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa. Mama mmoja wa zahanati amefikishwa kule, mtoto amekaa vibaya tumboni, na baada ya nusu saa anaingizwa kwenye upasuaji. Anakumbuka kwamba dawa fulani ilimvimbisha koo katika mimba iliyopita. Jina la dawa amelisahau.

"Kwenye kadi yenu lipo?" aliuliza muuguzi.

"Lipo. Niliandika kwa mkono wangu. Nakupigia sasa hivi."

Mkunga akabonyeza jina la yule mama. Kompyuta ikajibu: Hairuhusiwi. Akabonyeza tena. Hairuhusiwi.

"Baba Watoto, umeifanya nini hii mashine?"

Mzee Spana alitokea na kikombe mkononi. Kwanza alisema hakuigusa. Kisha akasema aliigusa kidogo tu. Jana diski ilikuwa imejaa, akafunga mpya. Kadi zote aliziweka kwanza kwenye folda yake mwenyewe, akazikagua. Halafu akazihamishia kwenye folda ya mfumo, pale programu ya kadi inapozisoma. Aliapa kwamba haikupotea hata moja.

Akavuta kiti. Alibadili ruhusa za faili ili kila mtu aweze kuzifungua. Hairuhusiwi. Akazima mashine, akaiwasha. Hairuhusiwi. Mkunga alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Dakika tisa zilikuwa zimekwenda. Alimwona yule mama akilini, amelala, hawezi kusema lolote, na dawa inaingia mwilini.

"Basi namzima mlinzi wa mfumo, ile programu ya usalama," alisema Mzee Spana. "Ndiye mkorofi hapa."

"Usiguse kitu. Namwita jirani."

Jirani huyo ni dada anayetunza seva za chuo. Anaitwa Miwani, na sababu iko puani kwake. Alikuja mbio, nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Shikamoo aliitoa akiwa anavuka kizingiti. Akauliza swali moja tu.

"Mzee, ulizinakili au ulizihamisha?"

"Nilizihamisha. Kwani kuna tofauti?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Alieleza huku akiandika. Kila faili lina ruhusa, na tena lina lebo ya usalama. Ruhusa inasema nani afungue. Lebo inasema hiki ni kitu cha aina gani. Mlinzi wa mfumo huangalia lebo hata kama ruhusa ziko wazi. Ukinakili faili, nakala hupata lebo ya mahali inapowekwa. Ukilihamisha, huja na lebo ya kule lilikotoka. Kadi zilikuwa kwenye folda ya nyumbani ya Mzee Spana. Sasa ziko kwenye folda ya mfumo, lakini lebo bado inasema "nyumbani". Mlinzi anaona programu inagusa vitu vya mtu binafsi. Anaikatalia.

"Kumbe nimehama na kitambulisho cha zamani," alisema Mzee Spana.

"Tena ukataka kumfukuza askari wa getini."

"Lakini nikimzima, si kadi zitafunguka?"

"Zitafunguka. Na programu mbovu ikiingia kesho, siri za akina mama wote hazina wa kuzilinda. Kurudisha lebo hakuchukui hata dakika."

Miwani aliandika amri iitwayo restorecon, akataja ile folda. Mfumo una orodha yake ya lebo, na amri hiyo hurudisha kila lebo kama orodha inavyotaka. Mistari ikapita kwenye kioo. Kisha akafunga zile ruhusa alizoziacha wazi Mzee Spana.

Mkunga akabonyeza jina. Kadi ikafunguka. Alipiga simu na kusoma jina la dawa herufi kwa herufi. Muuguzi alisikika akikimbia, akimwita daktari. Chuma kikagonga sahani. Kisha akarudi kwenye simu.

"Asante, mama. Ndiyo iliyokuwa kwenye sindano. Tumeiwahi."

Mkunga aliketi kwenye benchi la wagonjwa na kulia.

Siku hizi Mzee Spana ananakili, hahamishi. Akimaliza anatazama lebo, kisha anafungua kadi moja kujaribu kabla hajaondoka. Mlinzi hazimwi. Na jina la dawa ya hatari kila mjamzito anapewa pia kwenye karatasi.

Wiki ya tatu yule mama alikuja na mtoto wake wa kike. Alimshukuru mkunga, kisha akamgeukia Mzee Spana.

"Nimeambiwa na wewe ulinihangaikia, baba."

Mzee Spana angeweza kuitikia tu. Aliinuka kitini.

"Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Akamweleza yote, tangu diski hadi lebo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia akae vizuri, akamwekea mtoto mikononi.